Dirisha la Dawa: Wanafunzi wa famasia wanauliza

Toleo hili tumewaachia wanafunzi. Barua zao zina manung'uniko yanayofanana: masomo mengi, mafunzo kwa vitendo yanachosha, na mgonjwa mwenyewe anaonekana kwa mbali nyuma ya kioo. Wanaojibu ni wafamasia wawili wa safu hii, mmoja wa hospitali na mwingine wa duka la dawa la mtaani. Barua tumezifupisha.

SWALI: Shikamooni wakuu. Niko mwaka wa tatu, shahada ya famasia, Dar es Salaam. Niliomba udaktari nikachaguliwa famasia. Sasa niko mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali ya wilaya na kutwa nahesabu vidonge na kuandika 1x3 kwenye bahasha. Nilitaka kusaidia wagonjwa, najiona muuza duka. Wito wa kazi hii huja lini?

JIBU: Marahaba. Kuhesabu vidonge ni sehemu ya kazi ambayo hata mashine inaiweza. Sehemu isiyowezwa na mashine ni ule muda mfupi kati ya wewe kusukuma bahasha na mgonjwa kugeuka aondoke. Dozi nyingi huharibikia hapo. Na kwa maoni yetu, wito hautangulii. Kinachotangulia ni ufundi. Mtu akishajua kumfanyia mgonjwa jambo moja sawasawa, akaona limefaa, hamu ya kazi hufuata. Kwa hiyo liache kwanza swali la kama unaipenda famasia. Tazama ni dawa ipi inatoka kwa wingi dirishani kwenu, uimiliki yote.

Chukua ALu, dawa mseto ya malaria. Vidonge vya kawaida vina artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Mtu wa kilo 35 na zaidi anameza 4 kwa mara moja, mara 6 ndani ya siku 3, jumla 24. Kilo 25 hadi chini ya 35 ni 3 kwa mara moja, kilo 15 hadi chini ya 25 ni 2, kilo 5 hadi chini ya 15 ni kimoja. Hayo umeyasoma. Yanayoharibu dozi ni mengine.

La kwanza ni saa. Dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha zinazobaki ni kila baada ya saa 12. Ukiandika 4x2 tu, aliyemeza ya kwanza saa 5 asubuhi atameza ya pili anapojisikia. Mwandikie ratiba yake: leo saa 5 asubuhi na saa 1 usiku; kesho saa 1 asubuhi na saa 1 usiku; keshokutwa vilevile. Sekunde ishirini zinatosha.

La pili ni chakula. Lumefantrini inahitaji mafuta ili ifyonzwe tumboni, na mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula. Ukimwambia "meza baada ya kula" atasubiri ashikwe na njaa, na pengine asimeze kabisa. Mwambie kikombe cha maziwa, uji wenye karanga au andazi moja vinatosha. La tatu ni kutapika: akitapika ndani ya nusu saa, dozi ile irudiwe. Lakini paketi ina vidonge kamili bila ziada, kwa hiyo akirudia bila kuja kwako, dozi ya mwisho itapungua. Mwambie arudi dirishani achukue vya kufidia. La nne unalijua: siku ya pili homa imeshuka, vidonge vinavyobaki vinawekwa kabatini vimsubiri mtoto mwingine.

Sasa mjaribu mgonjwa, na usimuulize "umeelewa?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Sema hivi: "Mama, nisije nikawa sikueleza vizuri. Ukifika nyumbani baba akikuuliza dawa hii inamezwaje, utamwambiaje?" Akikosea, makosa ni ya maelezo yako, rudia. Kwa dawa ambazo daktari ameshazizungumzia, wafamasia wa huduma ya afya ya wenyeji asilia wa Marekani wana maswali matatu ambayo yanafundishwa sehemu nyingi: daktari alikwambia dawa hii ni ya nini, alikwambia uitumieje, na alikwambia utarajie nini? Mgonjwa anasema, wewe unajaza mapengo tu.

Swali la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi, nalo linaokoa dozi. Mgonjwa wa kifua kikuu asipoambiwa kwamba rifampisini itageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, atadhani anakojoa damu na ataacha. Anayepewa metformini asipoambiwa kwamba tumbo linaweza kuvurugika wiki za mwanzo, na kwamba kumeza pamoja na chakula kunapunguza, ataitupa siku ya nne.

Kuhusu hiyo 1x3 yako: kwa parasetamoli haina shida kubwa. Kwa antibiotiki ya kila baada ya saa 8 ina shida, maana mgonjwa ataifuata milo: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 2 usiku, halafu usiku zinapita saa 11 bila dozi. Andika saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Usiandike "kila saa 8" ukaishia hapo. Wapo wanaoisoma kama saa nane ya mchana, wakameza mara moja kwa siku.

Mwisho, nunua daftari dogo. Usiandike jina la mgonjwa. Andika tarehe, umri, dawa, tatizo uliloliona, ulichofanya, na kilichotokea aliporudi. Safu hiyo ya mwisho itabaki wazi mara nyingi, na ndiyo itakayokufanya utake kuijaza.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa diploma, Mbeya. Maelezo yote hayo ni mazuri darasani. Kwetu foleni inafika nje, watu wanapiga kelele, na msimamizi anasema "toa dawa haraka." Muda nautoa wapi?

JIBU: Msimamizi wako ana hoja. Wagonjwa 180 kwa saa 6 ni dakika 2 kwa kila mmoja, tena kama hujaenda chooni. Huwezi kumweleza kila mtu kila kitu, kwa hiyo gawa muda bila usawa. Anayechukua dawa zilezile za mwezi uliopita aulizwe mambo mawili tu: kuna kilichobadilika, na kuna siku ulizokosa dawa? Nusu dakika. Muda uliookoa mpe anayeanza dawa mpya, mwenye mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, mzee mwenye dawa tano na zaidi, na yeyote anayepewa kitu kisichomezwa: inhela (dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo), insulini, matone, vidonge vya ukeni. Hivi vya mwisho humezwa, na si mara chache. Andika kwa herufi kubwa kwenye bahasha HAVIMEZWI, na mwite mwenyewe pembeni. Hakuna atakayeuliza swali la ukeni mbele ya foleni.

Fungasha mapema. Dawa zinazotoka sana zihesabiwe asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa, kila bahasha ikiwa na jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kopo moja mezani kwa wakati mmoja. Soma jina mara tatu: unapolitoa rafuni, unapohesabu, unapolirudisha. Kabamazepini ya kifafa na kabimazoli ya tezi hukaa jirani kwenye rafu iliyopangwa kwa alfabeti, na mwenye macho yaliyochoka huzichanganya. Trei ya kuhesabia ifutwe baada ya penisilini na dawa za salfa, kwani vumbi lake linatosha kumdhuru mwenye mzio.

SWALI: Hamjambo. Nafanya mazoezi kwenye duka la dawa, Morogoro. Kuna bibi anakuja kila mwezi kuchukua dawa za presha. Anasema anazimeza zote, ila kila akipimwa presha iko juu. Daktari amemwongezea dawa mara mbili. Nataka kumsaidia bila kuonekana najifanya daktari.

JIBU: Swali hili limetufurahisha, maana kazi ya mfamasia hasa ndiyo hii. Kabla ya kufikiri kwamba dawa hazimfai, tafuta mambo mawili: kama zinaingia mwilini, na kama kuna kitu kingine kinachozipinga.

Mwambie aje na dawa zote zilizomo nyumbani ndani ya mfuko mmoja. Usiseme "dawa za presha," atakuletea hizo tu. Sema: "Bibi, njoo na kila kitu unachokunywa kwa ajili ya mwili, za hospitali, za dukani, za miti shamba, hata ulizopewa na jirani." Zimwage mezani mahali pa faragha. Kitu cha kutafuta kwanza ni dawa ya maumivu. Bibi mwenye magoti mabovu mara nyingi anameza Diclopa kila siku na haihesabu kuwa dawa. Diklofenaki iliyomo hubakiza chumvi na maji mwilini na kupandisha presha, na inadhoofisha dawa za presha kama enalaprili na zile za kukojoza. Ikikutana na zote mbili kwa pamoja, figo huingia hatarini, hasa akiwa ameharisha au hanywi maji ya kutosha. Daktari haandiki hilo kwenye cheti kwa sababu hajui kama lipo.

Pili, hesabu vidonge. Tuseme alichukua 30 vya amlodipini siku 21 zilizopita, kimoja kwa siku. Vibaki 9. Ukikuta 17, amemeza 13 kati ya 21, karibu theluthi mbili pungufu kidogo. Ila usimtuhumu kabla hujauliza kama kuna vya mwezi uliotangulia vilivyochanganywa humo. Na ukiuliza, fungua mlango: "Watu wengi hukosa siku moja mbili. Wewe wiki hii ilikuwaje?" Sababu zitatoka zenyewe. Hela haikutosha akanunua nusu dozi. Alijisikia mzima. Enalaprili inamkohoza. Au ule mzunguko unaojulikana: amlodipini imemvimbisha miguu, akapewa Lasix, dawa ya kukojoza, kwa ajili ya uvimbe, Lasix ikamwamsha kukojoa usiku kucha, akaziacha zote. Hapo suluhisho liko kwenye dawa ya kwanza. Ya pili iliongezwa bure.

Mipaka yako sasa. Hupunguzi dozi, huongezi, humwambii aache dawa aliyoandikiwa. Kwa Diclopa aliyojinunulia, mfamasia msimamizi anaweza kumshauri aiache na atumie parasetamoli kwanza. Wewe mweleze msimamizi akiwa pale pale. Kwa yaliyobaki, mwandikie daktari kijibarua ambacho msimamizi atakitia saini, kisizidi mistari minne: nilichokiona, ninachodhani, ninachopendekeza, namba ya duka. Mfano: "Mgonjwa wako anatumia diklofenaki miligramu 50 mara mbili kwa siku kwa miezi mitatu, amejinunulia. Inaweza kuwa inapandisha presha. Tumemshauri asimamishe. Tunaomba presha ipimwe tena baada ya wiki mbili na figo ziangaliwe kabla ya kuongeza dawa." Madaktari wanaosoma kitu kama hicho hawajisikii kuingiliwa. Wanaojisikia hivyo ni wale wanaoambiwa na mgonjwa "kule dukani wamesema dawa zako mbaya," basi chunga asiondoke na sentensi hiyo.

SWALI: Asalaam aleikum. Niko Mombasa, mwaka wa pili. Mama mmoja ana mtoto wa miaka sita mwenye pumu. Inhela wanayo ila haimsaidii, na spesa ya dukani (chombo kinachoshika dawa ya inhela kabla mtoto hajaivuta) hawaimudu. Nifanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam. Mwambie mtoto akuonyeshe anavyoitumia kabla hujasema neno. Mara nyingi utaona dawa inatoka kwa wingu mdomoni, maana amebonyeza kabla ya kuvuta, au amevuta kwa nguvu na dawa ikagonga koo. Mtoto wa miaka sita hawezi kulinganisha kidole na pumzi, na hata wazazi wake wengi hawawezi.

Chupa ya plastiki ya maji ya mililita 500 inafanya kazi ya spesa. Hilo limepimwa kwa watoto wenye pumu huko Afrika Kusini, likaonekana kufaa sawa na spesa za kiwandani. Iwe iliyokuwa na maji. Ya mafuta ya taa au dawa ya mbu haifai hata ikioshwa. Weka mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, chora mzingo wake kwa kalamu, kata kwa wembe ndani kidogo ya mstari ili ibane. Ikilegea, dawa itatokea pembeni. Zungushia gundi ya karatasi. Kung'uta mabaki ya plastiki yote, yasije yakavutwa. Osha kwa maji yenye sabuni ya vyombo, usisuuze, usifute kwa kitambaa, ning'iniza ikauke. Kufuta huitia plastiki umeme tuli, na dawa hunasa ukutani badala ya kuingia kifuani.

Kutumia: tikisa inhela, ichomeke kwenye kitako, mtoto aume mdomo wa chupa akiwa amebana midomo, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita. Subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, ndipo ubonyeze ya pili. Kubonyeza mbili kwa mpigo kunapoteza dawa. Idadi ya mibonyezo ni ile ya daktari. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo anahitaji spesa yenye barakoa. Chupa pekee haitamfaa.

Angalia na kitu kingine. Inhela nyingi za salbutamoli zina mibonyezo 200, na gesi huendelea kutoka dawa ikiwa imekwisha, kwa hiyo waweke alama kwenye kalenda. Akihitaji salbutamoli zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu haijadhibitiwa, na anahitaji kurudi kliniki kwa dawa ya kuzuia. Ile ya kuzuia yenye steroidi asukutue mdomo na kutema kila akiitumia. Na mama ajue lini asihangaike na chupa: mtoto akishindwa kuzungumza, mbavu zikizama anapovuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, ni hospitali mara moja, akipewa salbutamoli njiani.

SWALI: Mwingiliano wa dawa tuliofundishwa ni mamia. Nikifika wodini nasahau wote. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Mwanza)

JIBU: Anza na inayopita mbele yako. Kwa hospitali za kwetu tungechagua hii. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge kimoja cha ARV cha siku hizi, na vidonge vya kuongeza damu: madini ya chuma huishika dawa tumboni isifyonzwe. Mjamzito wa CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, anapewa zote mbili. Azimeze pamoja na chakula, au ARV itangulie saa 2, au ifuate baada ya saa 6. Chai nayo iepukwe saa moja au mbili kabla na baada ya vidonge vya damu, na hili kina mama wengi hawajawahi kuambiwa.

Rifampisini inazimaliza nguvu dawa nyingine kadhaa: anayetumia dolutegraviri anahitaji dozi ya ziada baada ya saa 12, na aliyewekewa vijiti vya uzazi wa mpango anaweza kupata mimba. Muulize faraghani, mpeleke uzazi wa mpango siku hiyohiyo. Mtu asilale mara baada ya kumeza doksisaiklini. Kidonge kikikwama kooni kinaleta kidonda. Ukizishika hizi mpaka zikutoke bila kufikiri, nyingine zitaongezeka zenyewe.

SWALI: Wagonjwa wameanza kuniomba namba yangu ya simu. Nawapa?

JIBU: Hapana. Hujasajiliwa na Baraza la Famasia, na usiku wa manane utaulizwa kuhusu mtoto anayedegedeka ukiwa bwenini bila msimamizi. Wape namba ya kituo. Ukitaka kufuatilia, mwombe mgonjwa ruhusa, andika namba yake kwenye rejesta ya kituo, umpigie siku ya tatu saa za kazi, msimamizi akiwa karibu. Muulize ameshameza ngapi, nini kimemsumbua, amebakiwa na ngapi. Akitaja vipele, uvimbe wa uso au macho ya manjano, arudi haraka, na msimamizi ajaze pamoja nawe fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ya kuripoti madhara ya dawa. Na usitaje jina la dawa kabla hujajua aliyepokea ni nani. Simu za nyumba nyingi hupokewa na yeyote aliye karibu nayo.